Gunia la Kukhu Nyuma ya Mlango

Kazi yangu ni kupokea watu. Meli kubwa za watalii zinapofika Mombasa, kampuni ndogo ya safari iliyoniajiri hapa Nakuru hunituma pwani kuwachukua wale wachache wanaotaka kuiacha meli na kupanda bara kuja kuona ziwa letu na ndege wake. Nasimama nje ya jengo la abiria pale bandarini nimeinua kibao chenye majina, naangalia masanduku yakitoka, nabishana na madereva wa teksi wanaotaka kuninyang'anya wageni, kisha nahakikisha kila mtu amefika hotelini mjini pamoja na mzigo wake. Si kazi ngumu sana. Kinachochosha ni joto, na yale masanduku meusi ya magurudumu manne, yanayofanana yote mpaka watu wazima wanakaribia kuvutana mashati.

Mwezi uliopita mimi na dereva tulikwama nyuma ya malori kwenye barabara ya bandarini, tukachelewa vibaya. Tulipofika, wageni wote wa meli ya siku hiyo walikuwa wameshatawanyika. Walikuwa wamebaki askari wa geti na mama mmoja mzee, mzungu, amelikalia sanduku lake juani, mkono ameuweka juu yake. Nilimwomba msamaha mara tatu. Akaniambia kwa upole kwamba si kitu, alidhani tu tumemsahau. Nikalichukua lile sanduku. Sikulivuta, nililibeba mpaka garini, na nilipofunga mlango wa nyuma nikajikuta natokwa na machozi.

"Madam, uko sawa?" dereva akauliza.

Nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Kuna mzigo mmoja ambao sikuubeba nilipotakiwa kuubeba, na tangu hapo nimebeba mizigo ya watu wengi nisiowajua, kwa mshahara, na haijanisaidia kitu. Kaa basi nikueleze, maana mimi na wewe tumetoka mbali, na hili sijawahi kumwambia mtu.

Nilikulia Kivumbini, upande wa chini wa mji wa Nakuru unapoelekea ziwani. Jina la mtaa halikudanganya. Mchana upepo ukianza kuvuma, vumbi jeupe lililolainika kama unga lilipenya chini ya mlango, likakaa kwenye sufuria, kwenye vitabu, kwenye meno. Kazi yangu ya kwanza kila nikitoka shule ilikuwa kufuta vumbi, na ya pili kupanga foleni ya maji kwenye mfereji wa mtaa. Nyumba zetu zilikuwa za baraza la mji, zimeshikana ubavu kwa ubavu, vyumba viwili kila familia. Ukikaanga kitunguu, mtaa mzima ulijua. Siku upepo ulipotoka ziwani tulisikia harufu ya magadi na ya ndege, na siku ulipotoka upande ule mwingine tulisikia harufu ya kiwanda cha blanketi alikofanya kazi baba. King'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa yetu.

Nyanya yetu, mama yake baba, alikaa magharibi, na tulimwita Kukhu kama wanavyoita watu wa kwetu. Babu alikuwa amefanya kazi ya reli hapahapa Nakuru ujana wake wote, kisha akastaafu, wakarudi kijijini. Alipofariki, Kukhu alibaki peke yake kwenye nyumba ambayo bati lake lilivuja kila mahali. Baba hakuwa na uwezo wa kuiezeka upya, lakini alikuwa na uwezo wa kumweka mama yake karibu. Akamwandikia aje, na asije kutembea, aje kukaa moja kwa moja. Akanunua mbao za Elburgon, fundi wa mtaani akachonga kitanda, na mama akashona pazia la maua kugawanya chumba chetu sisi watoto. Kwa wiki nzima chumba kilinukia mbao mbichi. Nilikuwa darasa la saba, mtoto wa kwanza, na nakumbuka nililalamika kwamba nafasi yangu ya kusomea imechukuliwa.

Sasa nikueleze jambo moja la kwetu, kwa sababu bila hilo hutaelewa. Kwetu, mtu anapohamia nyumbani kwako, mzigo wake haugusi ardhi ya nje. Mtoto wa nyumba hiyo anampokea njiani, anautwaa mzigo, anaubeba mpaka ndani na kuushusha chumbani atakapolala mwenye mzigo. Hapo ndipo safari yake inakuwa imekwisha. Mzigo ukishushwa nje ya mlango, basi mwenye mzigo bado yuko safarini, na hakuna neno tamu utakalomwambia baadaye likabadilisha hilo. Mama alipoolewa, shangazi ndiye aliyempokea kifurushi chake kidogo cha nguo, na mpaka leo mama husimulia jinsi shangazi alivyokataa kupumzika njiani ingawa ilikuwa kupanda kilima.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Treni ya kutoka Kisumu ilitakiwa kufika kabla ya alfajiri, na baba alikwenda kuisubiri. Akarudi na habari kwamba injini imeharibika huko Londiani, haitafika mpaka saa sita mchana. Yeye alikuwa na zamu kiwandani, na mama alipika kwenye shule moja ya bweni ambako hawakujua neno ruhusa. Mama, aliyekuwa akiondoka na wadogo zangu, akanivika ufunguo wa nyumba shingoni kwa uzi, akanipa sarafu.

"Hii ni ya chai yake pale stesheni, atakuwa na njaa," akasema. "Ukishampokea mzigo usiuweke chini, unasikia? Ata ukichoka namna gani. Unaingiza mpaka kwa kitanda."

"Ndiyo, mama."

"Rudia."

Nikarudia. Nilijisikia mtu mkubwa, nakwambia. Nilitengeneza hata kata ya kitambaa ya kuweka kichwani.

Stesheni yetu wakati ule ilikuwa na uhai. Kulikuwa na wachuuzi wa mayai ya kuchemsha, na makarani wa mizigo wenye penseli nyuma ya sikio, na kengele iliyolia kwa nguvu mpaka ushike kifua. Nilikaa kwenye benchi la mbao naning'iniza miguu. Treni ilikuwa haijafika nilipoguswa begani. Alikuwa rafiki yangu wa darasani, binti wa mwalimu wetu wa Kiingereza, amevaa gauni la njano na viatu vya kamba. Alikuwa amekuja na baba yake kuchukua kifurushi, na mwalimu alikuwa ndani kwa makarani anabishana kuhusu stakabadhi.

Ninaposema rafiki, nataka unielewe. Mimi ndiye niliyemtaka awe rafiki. Yeye alinikubali muhula ule kwa sababu nilikuwa nimempita kila mtu katika hesabu. Nyumbani kwao kulikuwa na televisheni na kochi. Baba yake, yaani mwalimu, alikuwa na msemo wake darasani, mtu akichelewa au akivaa vibaya: kwamba huyo ameshuka na gunia, yaani ni mshamba wa juzi. Darasa lote lilikuwa likicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilijua magunia yaliyokuwa chini ya kitanda chetu.

"Sasa," akanisalimu. "Unangoja nani?"

"Aa, hakuna," nikasema. "Nimetumwa tu."

Treni ikaingia. Watu wakamwagika, na katikati yao, kwenye mlango wa behewa la daraja la tatu, nikamwona Kukhu. Alikuwa peku. Alikuwa amejifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, kikapu kimoja mkononi chenye kuku wa madoadoa aliyetoa kichwa nje, na mbele ya miguu yake gunia kubwa la katani lililoshonwa mdomo kwa kamba ya mkonge. Hata kutoka pale nilisikia harufu ya omena, dagaa wa ziwa la kwao. Akatupa macho huku na huku, akaniona, na uso wake wote ukafunguka.

Mimi nilipewa jina la mama yake Kukhu. Kwa hiyo tangu nizaliwe hakuwahi kuniita jina, aliniita Mayi, yaani mama.

"Mayi!" akaita, mikono juu, akanisalimu kwa lugha ya nyumbani. "Mayi wange, mulembe!"

Watu wakageuka. Rafiki yangu akageuka. Akamtazama Kukhu kuanzia leso mpaka miguu, kisha akanitazama.

"Ni wewe anaita?"

Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kama nilifikiri. Sikufikiri. Maneno yalitoka yakiwa yamekamilika.

"Ananiita tu hivyo, hanijui," nikasema. "Ni mgeni wa jirani yetu. Nimeambiwa nimwonyeshe njia."

Na kwa sababu kelele za stesheni zina tabia ya kunyamaza pale usipotaka, Kukhu alisikia. Hakuwa mjinga wa Kiswahili, aliishi Nakuru miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Nilimwona akishusha mikono polepole, akaushika ukingo wa kikapu. Nilipomfikia hakunikumbatia.

"Asante kwa kuja, mtoto," akasema.

Mtoto. Nikatamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nikaona nafuu kwamba hakuniumbua. Unaona nilivyokuwa? Aibu zilikuwa mbili, na mimi nikashughulikia ile ndogo.

Kata ilikuwa mfukoni. Gunia lilikuwa mbele yangu, na rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, anasubiri. Sikuweza kuliweka kichwani. Nikamwita mzee mmoja wa mkokoteni aliyekuwa ameegemea ukuta, nikampa zile sarafu za chai ya Kukhu.

"Siste, hii mzigo inaenda wapi?"

Nikamwelekeza Kivumbini, mlango wa rangi ya kijani, karibu na mfereji. Nikamwambia apite njia ya nyuma ya soko kwa sababu barabara kubwa ina magari mengi. Huo nao ulikuwa uongo. Njia ya nyuma haikuwa na watu wanaonijua.

"Na huyu mathe?"

"Atakufuata."

Kukhu alikiweka kikapu juu ya mkokoteni, akamtuliza kuku kwa kiganja, akaanza kutembea nyuma ya magurudumu yale. Aligeuka mara moja tu. Mimi nilikuwa tayari naangalia viatu vya kamba vya rafiki yangu.

"Twende tukule chipsi," akasema. "Daddy amenipea pesa."

Tukapita barabara kubwa. Tulikula chipsi kwenye karatasi, zilizolowa siki na sosi nyekundu, tumesimama nje ya duka la viatu, na nikuambie ukweli wangu ulivyo mchungu: zilikuwa tamu. Tulitazama viatu dirishani. Tukasengenya mwalimu wa sayansi. Nilicheka. Ilipita saa nzima, pengine zaidi, ndipo nilipoinama kufuta sosi kwenye gauni nikauona ufunguo umening'inia kifuani mwangu.

Nilikimbia njia yote. Nilipofika mtaani vumbi la mchana lilikuwa limeanza, na nilimwona Kukhu kwa mbali katikati yake, ameketi nje ya mlango wetu kwenye kigoda cha jirani. Gunia lilikuwa chini, kwenye mchanga, pale mzee wa mkokoteni alipolitupa, limeshageuka jeupe upande mmoja. Mkono wake ulikuwa juu ya gunia. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja muuza viazi, alikuwa amempa chai kwenye kikombe cha bati na kusimama naye.

"Ulikuwa wapi wewe?" jirani akaniuliza. "Shosho amekaa hapa nje kama mtu hana kwao."

"Nilikuwa... ufunguo..."

"Wacha mtoto," Kukhu akasema. "Amekuja."

Nikafungua mlango. Nikarudi kulishika gunia, sasa kwa mikono yote miwili, sasa nikiwa tayari kulibeba mpaka Kisumu kama angetaka. Akaniwekea kiganja juu ya mkono.

"Wacha tu. Imeshapumzika."

Akalivuta mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka ndani. Nikamwonyesha pazia la maua na kitanda kipya. Alisimama akakitazama, akagusa mbao zake, akasema fundi amefanya kazi nzuri. Lakini gunia hakulifikisha pale. Aliliacha nyuma ya mlango wa mbele, pale wageni wanapoweka miavuli.

Jioni mama alirudi na kulia kwa furaha. Baba alirudi na mkate na sukari. Kukhu akafungua kikapu, akatoa njugu, na mrenda uliokaushwa, na ndizi zilizoivia safarini, na omena waliofungwa kwenye gazeti. Kuku tulimfunga mguu kwenye mguu wa meza. Alikuwa kuku wa kutaga. Nyumba ilijaa harufu ya kwao baba, na baba akawa kijana. Mama akasema, "Mama, tupeleke huo mzigo kwa chumba." Kukhu akajibu, "Wacha kwanza." Mama akanitazama. Baadaye, tukiosha vyombo nje, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilipokea mzigo vizuri, kama haukugusa chini.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Jirani angeweza kuitoboa siri yangu. Lakini jioni ileile alipanda gari la mizigo kwenda Ndabibi kuvuna viazi vya dada yake, na aliporudi baada ya wiki mbili jambo lilikuwa limekwisha, na yeye alikuwa na mambo yake.

Kukhu alikaa nasi siku nne. Nikisikia watu wakisema utoto wao ulikuwa na siku fulani za dhahabu, mimi nafikiria zile nne, na siwezi kuzifurahia. Aliamka kabla yetu, akafagia mpaka mbele ya milango ya majirani. Alipika mrenda ukavutika kutoka sahani mpaka mdomoni, na wadogo zangu walishindana nani atavuta mbali zaidi. Aliimba nyimbo za kanisa kwa lugha ya nyumbani huku akimenya njugu, na maganda yalikuwa yakianguka kwa mpigo wa wimbo. Aliwaita wadogo zangu majina ya wazee wote wa ukoo. Mimi aliniita mtoto, bila ukali wowote. Angenipiga ningeshukuru. Kila nikiingia ndani, macho yangu yalikwenda nyuma ya mlango, na gunia lilikuwa palepale, mdomo umeshonwa.

Nilikuwa na nafasi, usidhani sikuwa nayo. Usiku wa pili tulilala yeye kitandani na mimi chini kwenye mkeka, na nilijua hajalala. Ningesema neno moja tu, nisamehe, ambalo wadogo zangu walilisema mara kumi kwa siku kwa makosa ya kulamba sukari. Asubuhi yake nilimsaidia kusuka kamba na nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama kijijini kuna mvua. Nilikuwa nangoja anisute ili nijitetee, na yeye hakuwa mtu wa kusuta.

Siku ya tano, baba anakunywa chai kabla ya zamu, Kukhu akasema angependa kurudi.

Baba aliweka kikombe chini. "Kurudi wapi, mama? Kitanda chako hiki hapa."

"Nilikuja tu kuwasalimu. Nimewaona. Mko wazima."

"Lakini tulikubaliana. Niliandika."

"Uliandika vizuri, mwanangu. Nyumba ikikaa bila mtu inaharibika."

Baba aligeuka akamtazama mama. Nililiona lile jicho, na mama aliliona. Sijui kama unanielewa. Baba yangu hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Lakini asubuhi ile aliamua moyoni kwamba mke wake amemfanyia mama yake jambo, pengine alipika kwa uso mbaya, pengine alisema neno jikoni. Hakuwahi kumwambia. Alilibeba tu. Mashangazi ndio waliosema, kwenye kila harusi na kila matanga, kwamba yule mke ndiye aliyeshindwa kukaa na mama yao hata siku tano. Na mama, ambaye alikuwa ameshona pazia la maua kwa mkono baada ya kupikia mamia ya watoto wa watu, akaanza kujichunguza.

Basi la kwenda magharibi liliondoka asubuhi ileile. Baba alikuwa kazini, mama alibaki jikoni kwa sababu hakutaka kulia barabarani. Safari hii nililibeba gunia. Nililiweka kichwani bila kata, kwa makusudi, na nikapita barabara kubwa, katikati kabisa, nikiomba nikutane na darasa lote. Sikukutana na mtu.

Njiani nikalijua lile gunia. Kichwa kinajua mambo. Kulikuwa na sufuria iliyogonga nyingine, na mwiko mrefu, na nguo za kitanda zilizokunjwa. Na kulikuwa na kona ngumu iliyonichoma utosini hatua kwa hatua, kona ya fremu. Niliitambua. Ilikuwa picha ya babu na kofia yake ya reli, iliyoning'inia ukutani kwao tangu nipate akili. Mtu anayekuja kusalimia haangui picha ya mumewe ukutani. Alikuwa amekuja na nyumba yake nzima, na mimi nilimpa mzee wa mkokoteni ailete kwa njia ya nyuma.

Kituoni utingo akalitwaa gunia akalirusha juu ya basi. "Mathe, ingia, tunatoka." Kukhu akanitengeneza kola ya gauni, akanitazama.

"Leo umebeba vizuri, Mayi," akasema, akapanda.

Sikulia. Nadhani ningelia ningesema, na ningesema pale kituoni, basi likiwa bado limesimama, angeweza kushuka. Nilisimama nikanusa moshi wake mpaka likapotea kwenye kona.

Kuku alituachia. Alitaga mwaka mzima, na mama alishangaa kwa nini sili mayai.

Mvua ya mwaka uliofuata ilikuwa kubwa. Kukhu alishikwa na kifua ndani ya nyumba ile iliyovuja, na watu wa kijijini walikuja kugundua mlango haujafunguliwa siku mbili. Kwenye mazishi baba alisimama mbele ya umati akasema mama yake alipenda kwake, mji haukumfaa, alimwita akakataa. Sauti yake ilikuwa kavu. Mashangazi walimtazama mama, mama alitazama mikono yake. Mimi nilikuwa kwenye majani na wadogo zangu, nimevaa viatu vya kamba. Nilikuwa nimevililia mpaka nikanunuliwa.

Siku hizi nikipita stesheni ya Nakuru natembea taratibu. Wachuuzi wa mayai hawapo, makarani wenye penseli hawapo, lile benchi sijui lilipelekwa wapi. Nakuru ni jiji sasa. Mgeni anapiga simu akiwa njiani, pikipiki inamshusha mlangoni, mizigo inawekwa popote, na watoto wangu hawajui kwamba kuna mahali mzigo haupaswi kuguswa na ardhi. Niliwaeleza mara moja, wakaona ni kitu kizuri, wakarudi kwenye simu zao. Nyumba za Kivumbini baadhi zimepakwa rangi mpya. Mlango wetu sasa ni wa chuma. Rafiki yangu yule tulipoteana sekondari, na sina kinyongo naye, alikuwa mtoto aliyeuliza swali tu.

Baba alifariki bila kujua. Siku zake za mwisho alipatana na mama vizuri, alimshika mkono, akamwambia amemsamehe. Mama akashukuru. Nilikuwa pale, nimeshika glasi ya maji, na nilisikia mama yangu akishukuru kwa kusamehewa.

Mama anakaa nami sasa. Macho yamepungua nguvu lakini mikono bado inajua kazi. Jumapili iliyopita tulikuwa tumeketi uani tukichambua mrenda, mimi naye, na bila kutazama juu akasema lile analolisema kila mara harufu ya mrenda ikimfikia.

"Ata leo sijui nilimkosea nini mama ya baba yako."

Ningemwambia. Watoto walikuwa wameenda kanisani, hapakuwa na mtu wa kutusikia, na yeye ana haki hiyo kuliko mtu yeyote aliye hai. Niliweka majani chini.

"Labda alizoea tu kwake, mama," nikasema.

Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Labda," akasema, na akasogeza ungo upande wangu ili nifikie vizuri.